Flashi Iwekwe Kwenye Kabati la Dharura

Ichukuliwe zahanati moja ya kufikirika katika kata ya Ngujini, kwenye Milima ya Pare ya Kaskazini, wilayani Mwanga. Ni siku ya kliniki ya mama na mtoto. Akina mama wameanza kutembea tangu alfajiri, wengine wakiwa na watoto mgongoni, na sasa wamekaa kwenye mabenchi wakisubiri kuitwa. Mhudumu wa mapokezi anabonyeza kitufe cha kompyuta. Taa inawaka, feni inavuma, kisha kiwambo kinabaki cheusi kikiwa na mstari mmoja wa maneno ya Kiingereza unaosema kwamba mfumo endeshi haukupatikana. Anazima na kuwasha tena. Maneno ni yaleyale.

Kinachofuata anakijua yeyote aliyewahi kufanya kazi katika kituo kilicho mbali na mji. Madaftari ya MTUHA yanafunguliwa na kazi inaendelea kwa kalamu. Mchana, kompyuta inatiwa kwenye mfuko, inapakiwa kwenye bodaboda na kushuka hadi Mwanga mjini. Ikikosa tiba huko, inaendelea hadi Same au Moshi. Inakabidhiwa kwa fundi asiye na mkataba wowote na zahanati. Fundi anachomeka flashi yake, ileile anayoitumia kwa kila mashine inayofika dukani, na baada ya saa moja au mbili kompyuta inawaka. Baada ya siku kadhaa inarudi mlimani. Inafanya kazi, na kila mmoja anashukuru.

Swali ambalo kwa kawaida haliulizwi ni hili: katika siku hizo zote, kumbukumbu za wagonjwa zilikuwa mikononi mwa nani, na ni zipi zilizofutwa?

Hoja ya makala haya ni kwamba flashi ya kusimikia mfumo endeshi ni kifaa cha dharura cha kituo cha afya, sawa na vifaa vingine vya dharura. Inapaswa kutengenezwa kabla ya siku ya maafa, kutoka chanzo halali, chini ya usimamizi wa taasisi, na kutunzwa kituoni pamoja na karatasi ya maelekezo. Hakuna mkunga anayeagiza oksitosini wakati mama ameshaanza kutokwa damu. Dawa hiyo huwa imeshawekwa tayari mahali panapojulikana. Kompyuta inayobeba taarifa za mama huyohuyo inastahili maandalizi ya namna hiyo.

Kuzimia si kufa

Mfumo endeshi ni programu ya msingi inayoziongoza programu nyingine zote. Ndio unaoiambia mashine jinsi ya kusoma diski, kuonyesha herufi kwenye kiwambo na kupokea amri kutoka kwenye kibodi. Windows ni mfumo endeshi. Ubuntu, ambao ni mmoja wa jamii ya Linux, ni mwingine. Umeme unapokatika katikati ya sasisho, virusi vinapoharibu faili muhimu, au diski inapoanza kuchakaa, mfumo huo unaweza kushindwa kuamka.

Jambo ambalo watumiaji wengi hawalijui ni kwamba mara nyingi, mfumo unaposhindwa kuamka, kumbukumbu zenyewe bado zipo kwenye diski. Orodha ya wagonjwa, hesabu za dawa na taarifa za mwezi zimelala mahali pake, ila hakuna wa kuzifikia. Mgonjwa aliyezimia si maiti. Fundi anayefomati diski kwa haraka ili mashine iwake huwa anamzika aliyezimia, na mwenye mashine humlipa na kumshukuru.

Kuna upande wa pili wa jambo hilohilo. Kufomati kwa haraka hakuondoi kabisa yaliyomo. Programu za kurejesha faili zilizofutwa zinapatikana kwa urahisi, hivyo diski iliyobadilishwa dukani na kuuzwa kwa mtu mwingine inaweza kusomwa. Zahanati inaweza basi kupata hasara mbili kwa tendo moja: ikakosa kumbukumbu zake, na mtu mwingine akazipata.

Kumbukumbu hizo si orodha ya bidhaa za duka. Humo mna majibu ya vipimo vya virusi vya UKIMWI, historia ya mimba zilizoharibika, matibabu ya kifua kikuu na ya magonjwa ya zinaa. Katika kijiji ambacho watu wanafahamiana kwa ukoo na kwa shamba, jina moja likitajwa dukani linafika nyumbani kabla ya mwenyewe. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa majibu ya kipimo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti zinazohitaji ulinzi wa pekee. Sheria hizo hazikuweka msamaha kwa kituo ambacho mashine yake imegoma kuwaka.

Somo la Julai 2024

Anayedhani kwamba haya ni matatizo ya milimani peke yake akumbuke Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024. Siku hiyo sasisho lenye kasoro la programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike liliziangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani. Ndege zilibaki viwanjani. Nchini Uingereza, madaktari wa familia wengi walipoteza uwezo wa kufungua majalada ya wagonjwa na wakarudi kwenye karatasi. Nchini Marekani, baadhi ya hospitali ziliahirisha upasuaji usio wa dharura.

Ukarabati ulihitaji mkono wa mtu mbele ya mashine, kwa sababu kompyuta isiyoamka haiwezi kupokea amri kwa mtandao. Katika siku chache zilizofuata, kampuni ya Microsoft ilitoa programu ya uokoaji ambayo wahudumu waliiandika kwenye flashi, wakaichomeka katika mashine moja baada ya nyingine na kuziamsha. Taasisi tajiri zenye idara nzima za TEHAMA zilinusuriwa na kifaa kidogo kinachoenea kwenye kiganja.

Wengine walikwama hata baada ya kuwa na flashi. Diski zao zilikuwa zimefungwa kwa usimbaji wa BitLocker, na ili kuzifungua zilihitajika tarakimu 48 za ufunguo wa akiba. Mahali pengine funguo hizo zilikuwa zimehifadhiwa kwenye seva ambazo nazo zilikuwa zimeanguka. Funzo la siku hiyo ni la kawaida kwa mtu wa afya: kifaa cha dharura kinapaswa kuwepo, kiwe kizima, na ufunguo wa kabati lake ujulikane ulipo.

Jinsi flashi inavyotengenezwa

Kazi yenyewe si ya miujiza. Aliyeweza kujifunza kusoma hadubini au kupanga mnyororo baridi wa chanjo anaweza kuifahamu kwa nusu siku. Inafaa mhudumu wa afya aijue, hata kama si yeye atakayeifanya, ili aweze kutambua kazi nzuri na kazi mbovu.

Kwanza, inahitajika flashi tupu yenye ujazo wa GB 8 au zaidi. Kila kilichokuwamo kitafutwa, kwa hiyo isiwe ile yenye picha za harusi au taarifa za robo mwaka.

Pili, mfumo wenyewe unapakuliwa ukiwa faili moja kubwa la aina ya ISO, kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji wake na si kwingineko. Faili la Windows 11 au la Ubuntu 24.04 lina zaidi ya GB 5. Kwa mtandao wa simu wa milimani huo ni mzigo mkubwa, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kutaka upakuaji ufanyike mara moja, katika makao ya halmashauri au chuoni, kwa niaba ya vituo vyote.

Tatu, faili linathibitishwa. Watengenezaji wa mifumo kama Ubuntu huchapisha alama ya SHA-256, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaokokotolewa kutokana na faili lenyewe. Kompyuta iliyopakua hukokotoa alama yake, na mbili hizo hulinganishwa. Herufi moja ikitofautiana, faili limeharibika njiani au limechezewa. Mfamasia asiyepokea boksi la dawa bila kutazama namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi hatashangazwa na hatua hii. Atashangazwa na wanaoiruka.

Nne, faili linaandikwa kwenye flashi kwa programu maalumu. Kwa Windows kuna programu ya Microsoft yenyewe inayopakua mfumo na kuuandika kwa pamoja. Kwa mifumo mingine hutumika programu kama Rufus au balenaEtcher, ambazo hazilipiwi. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hulinakili faili la ISO kwenye flashi kama wanavyonakili wimbo, kisha hushangaa kompyuta isipoiona. Kompyuta inapowashwa hutafuta programu ndogo ya kuanzia mahali maalumu na kwa mpangilio maalumu. Programu ya kuandikia ndiyo inayolifumua faili na kuupanga mlango huo. Bila mlango, flashi ni ghala lililojaa lisilo na pa kuingilia.

Tano, flashi inajaribiwa. Inachomekwa kwenye kompyuta iliyozimwa. Kompyuta inawashwa huku kitufe cha kuchagulia chanzo kikibonyezwa. Kitufe hicho hutofautiana: mashine nyingi za Dell na Lenovo hutumia F12, nyingi za HP hutumia F9 au Esc. Katika orodha inayotokea, flashi inachaguliwa. Ukurasa wa kwanza wa usimikaji ukionekana, kompyuta inazimwa na flashi inachomolewa. Flashi ambayo haijajaribiwa haina tofauti na mtungi wa oksijeni ambao haujapimwa.

Kuokoa kwanza, kusimika baadaye

Sehemu yenye hatari katika kazi hii ni ukurasa unaouliza mfumo usimikwe kwenye diski gani. Kubonyeza bila kusoma hapo kunaweza kufuta miaka mitano ya kumbukumbu kwa muda mfupi kuliko wa kupima shinikizo la damu. Kwa sababu hiyo kituo kinahitaji flashi mbili.

Flashi ya kwanza ni ya uokoaji. Mifumo kama Ubuntu ina tabia moja yenye manufaa makubwa: inaweza kuamka na kufanya kazi ikiwa kwenye flashi, bila kusimikwa na bila kuandika chochote kwenye diski ya ndani. Katika ukurasa wake wa mwanzo mtumiaji huchagua kujaribu badala ya kusimika. Kompyuta iliyozimia huamka kwa pumzi ya kuazima; diski yake ya ndani hufunguliwa kama kabati, na mafaili hunakiliwa kwenye diski ya nje. Zikishahesabiwa na kufunguliwa mbili tatu kuthibitisha kwamba ni nzima, ndipo hatua ya kusimika inapoweza kufikiriwa. Ikiwa diski ya ndani ilifungwa kwa usimbaji, ufunguo wake utahitajika hapa. Ikiwa inatoa sauti ya kugonga au inasoma kwa kukwama, kazi isimame na mtaalamu aitwe, kwa maana diski inayokufa huuawa haraka na majaribio mengi.

Flashi ya pili ni ya kusimikia mfumo. Hiyo isichomekwe kabla ya ya kwanza kumaliza kazi yake.

Usimbaji huo uliowakwamisha watu Julai 2024 usiogopwe. Kwa kituo chenye siri za wagonjwa, ni kinga bora: mashine ikiibwa, au ikilazimika kwenda kwa fundi, diski haisomeki bila ufunguo. Madhara yake huja pale tu ambapo hakuna anayejua ufunguo ulipo. Uandikwe kwenye karatasi, utiwe bahasha, ufungiwe panapofungiwa nyaraka nyeti za kituo, na nakala yake ibaki kwa ofisa wa TEHAMA wa halmashauri.

Flashi ya wizi na ugonjwa wa kuambukizwa

Flashi ya dukani ina tatizo lingine. Mara nyingi haijulikani mfumo uliomo ulitoka wapi. Mingi husambazwa ikiwa imevunjwa kufuli ya leseni, na aliyeivunja anaweza kuwa ameongeza kitu cha kwake ndani, kama programu ya kunasa nywila. Flashi hiyo imeshaingia katika mashine za mikahawa ya intaneti, za shule na za maduka. Mwaka 2008 kirusi kiitwacho Conficker kilianza kuenea duniani, na flashi zilikuwa mojawapo ya njia zake kuu. Muuguzi asiyekubali sindano moja itumike kwa wagonjwa wawili ana kila sababu ya kuikataa flashi iliyopita katika mashine mia.

Wengi huingia katika mfumo wa wizi bila kuhitaji. Mashine nyingi zilizouzwa zikiwa na Windows 8 au toleo la baadaye zimebeba leseni yake ndani ya ubao wake mkuu. Zikisimikwa upya toleo lilelile kutoka faili halali la Microsoft, hujitambua zenyewe zinapounganishwa na intaneti. Kituo ambacho kilishanunua haki yake hakina haja ya kuiba.

Flashi ya kituo nayo huweza kuambukizwa. Ikishatumika katika mashine inayoshukiwa kuwa na virusi, iandikwe upya katika mashine safi kabla ya kurudishwa kabatini, kama mkasi unavyotakaswa kabla ya kurudi kwenye trei.

Mashine zilizopitwa na wakati

Jambo hili lina haraka yake. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma za kawaida kwa Windows 10, mfumo uliotoka mwaka 2015. Mashine zenye mfumo huo zinaendelea kuwaka, na hapo ndipo mtego ulipo: zinaonekana nzima, lakini matundu mapya ya usalama yanayogunduliwa hayazibwi tena, isipokuwa kwa walioingia katika mpango wa nyongeza wa muda. Windows 11 nayo inadai kumbukumbu ya GB 4, nafasi ya GB 64 kwenye diski na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho mashine nyingi za zamani hazina.

Madhara ya kubaki na mfumo usiozibwa yalionekana tarehe 12 Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipofunga mafaili ya kompyuta katika nchi nyingi na kudai malipo. Katika huduma ya afya ya umma ya Uingereza, maelfu ya miadi ya wagonjwa yaliahirishwa. Kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetolewa na Microsoft tangu mwezi Machi mwaka huo, lakini mashine nyingi hazikuwa zimewekewa.

Kwa kompyuta ya zamani ambayo kazi yake ni kufungua kivinjari, kuandika barua na kujaza majedwali, mfumo huria wa jamii ya Linux ni njia ya kweli. Hauna ada ya leseni, na matoleo yake mepesi hufanya kazi katika mashine ambazo Windows 11 inazikataa. Si jambo geni nchini: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi kwa lugha ya Kiswahili. Hata hivyo, uamuzi huo usifanywe na kituo peke yake. Kabla ya kuhama, wasimamizi wa GoTHOMIS na wa mifumo mingine ya Serikali inayotumika kituoni wathibitishe kwamba kazi zote, pamoja na printa, zitaendelea.

Pingamizi zinazostahili kujibiwa

Pingamizi la kwanza ni la wauguzi na matabibu wenyewe: kazi yao ni kutibu, nao ni wachache, na sasa wanataka kuongezewa ufundi wa kompyuta. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini pendekezo hili halimgeuzi muuguzi kuwa fundi. Ofisa wa TEHAMA wa halmashauri ndiye anayetengeneza flashi, kuzijaribu na kuandika maelekezo. Kituoni anahitajika mtu mmoja, na wa pili wa kumpokea zamu, anayejua kuamsha mashine kwa flashi ya uokoaji na kunakili mafaili huku akiongozwa kwa simu. Ikilinganishwa na safari ya kupeleka kompyuta mjini na wiki ya kuandika kila kitu mara mbili, nusu siku ya mafunzo ni nafuu kwa wahudumu walewale.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kumpa asiye mtaalamu chombo cha kufuta diski ni kumpa mtoto wembe. Hili ni kweli, na dawa yake ipo tayari katika taratibu za afya. Dawa zinazodhibitiwa hufungiwa, na kila dozi huandikwa kwenye rejista. Usimikaji ufuate njia hiyo: mhudumu wa kituo anaruhusiwa kuokoa, kufuta na kusimika kunahitaji idhini ya ofisa wa TEHAMA, iandikwe kwenye daftari la vifaa pamoja na tarehe, sababu na majina ya wawili walioshuhudia kwamba nakala rudufu ipo.

Pingamizi la tatu linasema kwamba kumbukumbu sasa zinahifadhiwa kwenye seva za mbali, kwa hiyo mashine ya kituo ni dirisha tu. Pale ambapo ni hivyo, ni jambo la heri. Lakini dirisha lililovunjika nalo huzuia kuona, na mara nyingi kwenye diski ya ndani hubaki majedwali ya chanjo, orodha za wanaofuatiliwa majumbani, majibu yaliyochapwa na nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Siri haihitaji kuwa nyingi ili imdhuru mwenyewe.

Wajibu wa kila mmoja

Halmashauri inaweza kuanza bila bajeti kubwa. Mafaili yapakuliwe na kuthibitishwa mahali pamoja, flashi zitengenezwe kwa siku moja, zibandikwe lebo zinazosomeka na kupelekwa vituoni wakati wa ziara za usimamizi shirikishi. Ziandikwe upya kila baada ya miezi sita, kwa sababu mfumo uliozeeka kwenye flashi husimikwa ukiwa na matundu yake yote. Vyuo vya afya navyo viingize saa chache za somo hili katika mafunzo ya awali, pale wanafunzi wanapojifunza kutunza kumbukumbu za wagonjwa.

Kituo kina wajibu wake. Tangu mwaka wa fedha 2017/2018 fedha hupelekwa moja kwa moja vituoni, na ununuzi wa flashi mbili na diski moja ya nje unaweza kuingizwa katika mpango wa mwaka bila kuathiri dawa. Siku ya kukagua kabati la dharura, flashi nazo zikaguliwe: zipo, zinaamsha mashine, na nakala rudufu ya mwisho ni ya tarehe gani.

Mgonjwa naye si mtazamaji. Kadi yake ya kliniki ni nakala rudufu ya kwanza na ya kale kuliko zote. Aitunze na kuja nayo kila mara. Ana haki pia ya kuuliza, kwa heshima na bila woga, kumbukumbu zake zinalindwaje mashine inapoharibika. Wananchi wana wawakilishi katika kamati ya usimamizi wa kituo. Swali hilo liwe moja ya ajenda zao, na jibu lisomwe kwenye kikao.

Watu wa Milima ya Pare hawahitaji kufundishwa maana ya akiba. Wazee wao walijenga ndiva, mabwawa madogo ya milimani yanayokusanya maji usiku ili yafunguliwe asubuhi kwenda mashambani, na waliyachimba na kuyazibua kwa msaragambo, kila nyumba ikitoa mikono yake. Ndiva haichimbwi siku mahindi yanaponyauka. Flashi mbili zenye lebo, diski moja ya nje na bahasha ya ufunguo ni ndiva ndogo ya zahanati. Zikiwapo kabatini, asubuhi ile ya kiwambo cheusi itakuwa ya usumbufu wa saa chache: akina mama watahudumiwa, kompyuta itaokolewa palepale mezani, na siri walizowaamini wahudumu nazo zitabaki mlimani kwao.